Jogoo wa Gazeti la Baba

Enzi za Mwingereza baba yangu alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya, na alikuwa na ugonjwa mmoja: magazeti ya picha. Yalifika Kiswere na lori la posta, yamekunjamana, naye aliyanyoosha kwa pasi ya mkaa. Baba huyo huyo shati lake hakuwahi kulipiga pasi hata siku moja. Aliyapanga kwenye kasha pamoja na majani ya mwarobaini, na sisi watoto tuliyatazama mikono ikiwa nyuma.

Roho yake ilikuwa kwenye moja tu. Humo ilikuwamo picha yake mwenyewe, aliyopigwa siku Bwana DC alipotembelea baraza. "Bega kwa bega," alizoea kusema. Mgeni alionyeshwa picha ile kabla hajapewa maji ya kunywa.

Alipofariki bibi, mama yake baba, watani wetu waliteremka kutoka Kipatimu. Kwetu mtani akija matangani ana ruhusa yake: atachukua kitu cha mfiwa, atamkejeli, na mfiwa atacheka kisha akikomboe. Basi mtani mmoja, mama wa maneno mengi, akafungua kasha. Akavaa koti la baba, akalishika gazeti lile, akaanza kuhutubia.

"Mimi na Bwana DC bega kwa bega. Bega lenyewe liko wapi? Mbona naona sikio tu?"

Hata shehe alificha uso. Yule mama akamgeukia baba. "Likomboe kwa jogoo, mheshimiwa."

Uani jogoo walikuwa wanane. Baba akakunja uso, akasema mtu wa baraza hawezi kukomboa mali yake mwenyewe. Lo! Mtani hakasirikiwi. Mama yangu alimfinya akubali, wapi. Mtani akalifunga gazeti kwenye kanga yake, akarudi nalo milimani.

Baba alikuwa na kichwa kigumu, nami nimekirithi, sikatai. Miaka yote iliyofuata hakukanyaga Kipatimu. Alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, aliniambia anatamani kuliona lile gazeti. Nikasema nitalifuata Kipatimu. "Acha," akasema. "Watanicheka."

Juzijuzi nililipeleka kasha kwenye hifadhi ya nyaraka. Kijana mwenye glavu alipekua, akalinganisha tarehe, akasema limepungua moja. Nilijua ni lipi. Iliniuma kwamba magazeti yote ya baba yatatunzwa, isipokuwa lile lenye baba mwenyewe. Kesho yake nikapanda gari la Kipatimu.

Yule mtani alikwisha kufa. Bintiye, mtu wa rika langu, alinikuta mlangoni. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani na nimefuata nini. Akanitazama mikono.

"Jogoo yuko wapi?"

Nikaenda kumnunua kwa jirani yake. Alipomtia kwapani ndipo akaingia ndani na kutoka na kanga iliyochakaa. Gazeti lilikuwa limenyooka, halina hata tundu la mchwa. Nikalifungua. Bwana DC alijaa ukurasa mzima na kofia yake, na nyuma ya kofia, sikio la baba. Nilicheka mpaka nikashika mwimo wa mlango.

"Mama alikuwa akilianika kila masika yakiisha," alisema yule dada. "Tukimuuliza la nini, anasema, 'Mtani wangu atakuja tu, hasira zikimwisha.'"

Nikakaa pale kizingitini, nikalia.