Mwaka Baba Alipokuwa King'ora

Miaka yote ya utoto wangu hatukuwa na saa nyumbani, wala hatukuihitaji. Tulikuwa na king'ora cha kiwanda cha nguo. Kililia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, sauti ikapanda mlima wetu wa mawe mpaka mlangoni, na mtaa mzima ukaamka, hata wazee wasiokuwa na pa kwenda. Baba alikuwa fundi wa mashine za kufumia. King'ora kilipomaliza kulia, yeye alikuwa ameshafunga kifungo cha mwisho cha koti lake la buluu. Ukutani, mahali ambapo wenzake walitundika picha ya harusi, alitundika kadi yake ya mahudhurio. Aliyechelewa kazini alipigwa mhuri mwekundu kwenye kadi. Kadi ya baba haikuwa na wekundu hata wa kuazima, na kila mgeni aliyeingia kwetu aliambiwa hivyo kabla hajaketi.

Halafu likaja soko huria. Mashati ya mitumba, kafa Ulaya, yakamwagwa chini sokoni kwa mafungu, na vitenge vya kiwanda chetu vikabaki vimekunjwa madukani. Kiwanda kikapunguza zamu, kikapunguza watu, mwishowe kikafungwa kikisubiri mnunuzi. Asubuhi ya kwanza king'ora kiliponyamaza nilikuwa darasa la sita. Nilidhani ni Jumapili, nikajifunika shuka.

Mama hakukaa kulia. Alianza kwenda kisiwani, Nansio, kufuata machungwa ya kuuza, anavuka na meli leo, anarudi baada ya siku mbili tatu. Baba alibaki nyumbani, na nyumba haikumtosha. Aling'oa komeo la mlango akalifunga upya, kesho yake akaling'oa tena. Alihamisha mawe ya uani kutoka upande huu kwenda ule. Ukimwomba akae, alikaa, na goti likaendelea kucheza peke yake. Watu husema nimechukua pua yake. Goti hawalitaji, lakini nalo ninalo.

Mwaka uliofuata, nikiwa darasa la saba, mwalimu mkuu alitusomea mstarini barua kutoka ofisi ya elimu. Wanafunzi wamezidi vyumba. Kuanzia Jumatatu shule itakuwa na awamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na awamu ya asubuhi haitaanza tena saa mbili, bali saa moja kamili. Darasa la saba, kwa sababu ya mtihani, tuwe tumeketi saa kumi na mbili na nusu. Kisha akaongeza la kwake: atakayechelewa mara tatu hataingia darasani mpaka aje na mzazi. Aliyeandika barua ile, nina hakika, alikuwa na saa mkononi na gari mlangoni.

Jioni nilimpa baba habari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwona ananyoosha mgongo.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Njiani nusu saa. Kuoga, uji. Basi uamke saa kumi na moja na robo. Usiwe na wasiwasi, mama. Nitakuamsha mimi."

Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Lakini angejuaje saa? Redio yetu ilikuwa na betri zilizochoka. Baba alizianika juani kila mchana zipate nguvu, na zilikata roho kabla ya taarifa ya habari ya usiku kwisha. Adhana ya msikiti wa ng'ambo ya mlima tuliisikia siku upepo ulipotaka. Jogoo wa jirani aliwika akimulikwa na tochi. Baba alipima yote hayo, akaona dawa ni moja tu: asilale.

Chumba changu na sebule alimolala yeye vilitenganishwa na pazia la khanga. Usiku nilimsikia akienda mlangoni, akitazama nje, akirudi kwenye benchi lake. "Mama," aliita. Nikashtuka. "Bado kidogo. Lala." Mtu ananiamsha kuniambia nilale! Baada ya muda tena: "Mama." Nilikuwa siamki tena, nilikuwa narukaruka kama dagaa kwenye mwamba. Nilichelewa mara mbili wiki zile, si kwa sababu hakuniamsha, bali kwa sababu aliniamsha mno. Mara tatu za kwanza niliitika, ya nne nikaipuuza, na ya nne ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Kilichotumaliza ni mbalamwezi. Siku moja aliona mwanga mweupe kwenye nyufa za dirisha, akanitoa kitandani mbio, uji sikunywa, tukateremka mlima yeye mbele mimi nyuma. Getini mlinzi wa shule alitumulika usoni, akatazama saa yake, na wala hakufanya haraka.

"Saa kumi hii, mzee wangu," alisema. "Au siku hizi mnasoma na popo?"

Tulikaa juu ya jiwe nje ya geti mpaka kulipokucha. Mlinzi alimsimulia kila aliyepita. Kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa inaniita Zamu ya Usiku.

Nilirudi nyumbani nimefura. Baba alikuwa uani, anapanga betri zake juani kwenye bati. Alinitazama akatabasamu, akasema leo ameshajua kosa lake, mwezi mpevu unadanganya, kesho hatakosea. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia, "Baba, wewe siyo king'ora. Kiwanda kimekufa. Niache nilale, nitaamka mwenyewe."

Mkono wake ulibaki juu ya betri.

"Haya," alisema.

Hata kunigombeza hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Kesho yake ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio, na mama alikuwa Nansio. Niliamka mwenyewe kungali giza, maana mwili ulishazoea kuhangaishwa. Nyuma ya pazia benchi lililia. Alikuwa macho. Nikamsikia anamimina maji ya kuoga kwenye ndoo, anaiweka karibu na mlango taratibu, kama mtu asiyetaka isikike. Kisha akarudi kuketi. Nikasema moyoni, aniite kwanza. Nadhani naye alisema, aamke kwanza. Akakohoa. Nikageuka kitandani kwa makusudi, ajue. Adhana ilikuja na upepo siku hiyo, wazi kabisa, ikaisha. Watoto wa jirani walipita wakikimbia kuteremka mlima, na mimi nimelala pale, macho makavu, nasubiri sauti niliyoikataza mwenyewe.

Nilipotoka kulikuwa kweupe. Alikuwa ameketi, amevaa, mikono magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Shuleni karatasi za hisabati zilikuwa zimeshagawiwa. Mwalimu mkuu alihesabu kwenye daftari: hii ya tatu. Nikamlete mzazi. Nilipanda mlima nikilia kwa hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Baba alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la buluu la kiwanda.

Ofisini mwalimu mkuu alimwamkia vizuri, maana baba alimzidi umri. Kisha akamuuliza kulikoni binti anachelewa siku ya mtihani. Nilikuwa nimesimama kando ya kabati. Nilijua jibu, na nilijua baba analijua. Nikasubiri alitoe.

"Kosa ni langu, mwalimu," baba alisema. "Mimi ndiye ninayemwamsha. Leo nililala fofofo."

"Mzee, mtu mzima unalala mpaka jua linatoka?"

"Nililala, mwalimu."

Mwalimu mkuu akamweleza kwa kirefu umuhimu wa kutunza wakati. Baba, mwenye kadi ile ukutani, aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha mwalimu akachukua kalamu nyekundu na kuandika mbele ya jina langu: mzazi alilala. Baba alikuwa ng'ambo ya meza, lakini nilimwona akiyasoma maneno yale kichwa chini miguu juu mpaka mwisho. Ningeweza kusema. Ilihitaji maneno matatu tu, alikuwa macho, mwalimu. Niliyameza, na aibu yangu sijaimaliza mpaka leo. Niliruhusiwa kuingia darasani. Yeye alirudi nyumbani.

Alfajiri iliyofuata niliamka tena kabla ya wakati. Nilimsikia akija mpaka kwenye pazia, akasimama. Vidole vyake viligusa khanga. Alisimama pale muda mrefu bila kuita, kisha nikasikia hatua zake zikianza kurudi nyuma.

"Baba," niliita. "Saa imefika?"

Nadhani alitazama dirishani.

"Imefika, mama. Amka."

Nikaamka.