Asali Niliyopeleka Voi

Wageni wakiniuliza kwetu ni wapi, huwaambia ni kisiwani, nao huanza kunitafutia bahari. Hakuna bahari. Kuna nyika kavu pande zote, na katikati yake mlima Kasigau umesimama peke yake, kileleni una msitu, ukungu na vindege ambavyo wataalamu husema havipatikani kwingine. Maji yetu hushuka kwa mabomba kutoka huko juu. Chini, Makwasinyi, tunalima mahindi na pojo, tunafuga mbuzi, na akina mama husuka vikapu vya mkonge. Nyikani ni kwa ndovu, nao hujua mahindi yetu yatakomaa lini kutushinda sisi wenyewe.

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mamangu kufariki, ana shamba ukingoni kabisa. Mahindi ya hapo ndiyo chakula chake mpaka msimu mwingine, hana mengine. Kwa hiyo alilizungushia waya na kuning'iniza mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka na hasira zao, na mnyama mzima na ukubwa wake hutimua mbio. Kila asubuhi mama mdogo aliipitia mizinga akiisalimia, "Hamjambo humo ndani?" Nilimcheka sana, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

Alikuwa na sharti moja, na aliwafundisha majirani wote: ukirina asali, waachie nyuki masega ya kuwavusha kiangazi.

"Hawa ni askari wangu," alisema. "Nikiwalaza njaa watakaa kwa nini?"

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya ofisi Voi. Siku moja nilipeleka chupa ya asali yake, wenzangu wakaisifu mpaka nikavimba kichwa. Napenda kusifiwa, sitaficha. Nikaahidi kila mtu chupa yake, kisha nikampigia simu.

"Mama mdogo, naomba asali nyingine. Nimeshawaambia watu."

"Maua yameisha, mwanangu. Sasa si wakati."

"Kidogo tu, jamani. Nitaaibika."

"Haya basi. Njoo Jumamosi."

Nilienda Jumamosi, nikakuta katoni imeshafungwa kwa kamba. Nilikunywa chai, nikabeba katoni, nikaondoka. Hata shambani sikufika. Ofisini niliitwa malkia wa asali, na nikafurahi kama mjinga.

Wiki chache baadaye, asubuhi, alinipigia yeye. "Wamepita," alisema tu.

Nilifika saa nne. Mahindi yalikuwa yamelala chini yote, mengine yametafunwa, mengine yamekanyagwa tu bila sababu. Waya ulikuwa umekatika upande mmoja, lakini mizinga mingi ilikuwa bado inaning'inia mizima. Nikainua kifuniko cha mmoja. Mtupu. Wa pili, mtupu. Nyuki walikuwa wamehama kwa njaa, na chakula chao nilikuwa nimekigawa mimi Voi.

Majirani walikuwa wamekuja kumpa pole. Mmoja wao, mama aliyejifunza ufugaji wa nyuki kwake, aliitazama mizinga kisha akamtazama mama mdogo.

"Nyuki wangu mbona wapo? Wako wameenda wapi?"

"Ni hiki kiangazi," alisema mama mdogo.

"Ama ulirina yote? Wewe, uliyekuwa ukitugombeza sisi?"

Mama mdogo aliinama, akaokota gunzi, akaligeuzageuza.

"Tamaa," alisema. "Niliingiwa na tamaa."

Yeye, tamaa! Mwanamke ambaye hata kuku akichinjwa hula shingo ili sisi tupate mapaja. Sikuweza kuvumilia.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi niliyeitaka. Alinikatalia nikambembeleza. Nilitaka kuwaringia watu wa ofisini." Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya kijiji kizima na sikujali.

Aligeuka haraka. Tangu anilee sikuwahi kumwona amenikasirikia hivyo, hata siku niliyopoteza mbuzi wake watatu.

"Nani amekuuliza wewe?"

Kisha akanishika mkono, akaniweka nyuma yake, akawageukia majirani.

"Msimsikilize huyu," aliwaambia. "Ametoka safari, hajanywa hata chai."