Faini ya Mzee Mashimba

Wazee wengine hutafuta kiti. Mzee Mashimba, kiti ndicho kilichokuwa kinamtafuta yeye. Kila alipogeuka katika nyumba ya binti yake Sabina, kule Kirumba, alikikuta kimeshawekwa kivulini, kiti cha plastiki cheupe chenye mto wa mgongo. "Baba, pumzika," Sabina anamwambia kila asubuhi kabla hajaenda kazini. "Umelima na kuchunga miaka sitini, sasa ni zamu yetu." Maneno mazuri, nani atayakataa? Lakini mzee yule aliyasikia kama mtu anayesikia mlango ukikomewa kwa nje.

Alikuja mjini kutoka Kwimba baada ya mkewe kufariki na ng'ombe kugawiwa wanawe. Mwezi wa kwanza alifagia uwanja mpaka mawe yakatokeza nje. Mwezi wa pili alibomoa banda la kuku lililokuwa zima kabisa, akalijenga upya, kisha akalibomoa tena kwa sababu mlango umetazama upande asioupenda. Alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Na msimcheke. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa amefikisha siku ya tisini na jembe hajaliona.

Katika kuzurura huko ndipo alipofika Jiwe la Pimbi. Ni kilima cha umma kando ya ziwa, miamba imepandana, na asubuhi pimbi wanaota jua juu yake. Zamani kilikuwa na msitu. Watu wakakata kuni, wakachoma mkaa, wakatupa taka, kikabaki kipara. Kila Jumamosi kundi la watu wa kujitolea lilikuja na mafyekeo na viroba, wakaokota chupa na kupanda miche. Aliyewaongoza ni Teodora, mwalimu wa sekondari, mwanamke wa kofia pana na maneno machache. Mzee alikuwa anapita zake tu. Akasimama, akamtazama Revocatus, fundi pikipiki aliyekuwa anatunza kitalu cha miche, anavyolishika fyekeo, akashindwa kuvumilia. Akamnyang'anya. Kufika saa sita alikuwa amemaliza eneo ambalo wenzake walikuwa wamelipangia Jumamosi mbili.

Tangu siku hiyo Jumamosi hazikumtosha. Alikwenda Jumatatu, akaenda Jumatano, akaenda hata Jumapili baada ya misa. Kiti cha Sabina kikaanza kulaliwa na paka.

Sasa, kilima kile kilikuwa na tatizo moja. Miche ilipandwa wakati wa mvua, ikafa kiangazi. Miaka minne mfululizo, ile ile hadithi.

"Mwalimu," mzee akamwambia Teodora siku moja, "mnapanda nini wakati miti ipo?"

"Iko wapi, mzee wangu?"

Akapiga magoti, akafukua udongo kwa kisu, kikatokea kisiki cha mgunga. Akakikwangua gamba. Chini yake kulikuwa kubichi. "Mizizi ipo hai. Kila ikichungulia inakatwa au inaliwa. Kwetu tungefunga ngitili."

Ngitili, kwa asiyejua, ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, wazee wa kijiji wanataja mpaka, na kuanzia siku hiyo haingii mnyama wala panga. Atakayevunja anatozwa faini na kijiji kizima, awe nani, awe nani. Teodora aliwaza wiki nzima, kisha akampa mteremko mmoja unaotazama ziwa. Mwezi wa Novemba wakauzungushia kamba na matawi ya miiba, na Mzee Mashimba akawa mlinzi wake bila kuteuliwa na mtu.

Nakwambia, mteremko ule uliwaaibisha waliopanda miche miaka minne. Kufika Juni, machipukizi ya migunga na mikuyu yalikuwa yanamfika mzee kiunoni, na nyasi kifuani. Ndege ambao Teodora alikuwa anawafundisha kwa picha tu darasani walikuja wenyewe kujenga viota. Watu wa kundi wakaanza kumwita "mwalimu wa mwalimu", naye akawa anajifanya hasikii.

Haya, sasa sikiliza mtu mwenye akili zake anavyokosea kwa kufuata jambo analolijua vizuri. Ngitili haifungwi ili ipendeze. Inafungwa ili ije ifunguliwe. Kiangazi kikikaza na nyasi za nje zikiisha, wazee wanaifungua kwa ng'ombe dhaifu, kwa wenye ndama na kwa maksai wa kulimia, kila mmoja kwa zamu. Kwa Mzee Mashimba jambo hili lilikuwa wazi mno, hata hakuwahi kulisema. Na Teodora hakuwahi kuuliza, kwa sababu kwake kilichofungwa kimefungwa.

Septemba ikafika. Mjane mmoja jirani wa kilima, Paskazia, alikuwa na ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa na ndama. Mbavu za yule mwenye ndama ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kila asubuhi Paskazia alisimama nje ya miiba, ananyoosha mkono na kung'oa nyasi zilizopenya. Mzee alimtazama yule ng'ombe siku tatu. Siku ya nne, Alhamisi, akatoa miiba hatua mbili.

"Mama, mlete mwenye ndama. Huyo peke yake."

Akamtazama yule mnyama akila, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, moyo wake ukatulia. Utulivu huo ulidumu saa moja hivi. Kijijini kila mtu angejua ni zamu ya nani. Huku mjini watu waliona kitu kimoja tu, kwamba kumefunguliwa. Wakaja ng'ombe wanene wasio na shida yoyote. Nyuma yao wakaja mbuzi wa mtaa mzima. Mzee alipiga kelele, akarusha fimbo, akakimbia huku na huku mpaka magoti yakagoma. Ng'ombe anakula nyasi. Mbuzi anakula kesho yako. Kufika jioni machipukizi yote yalikuwa vijiti.

Jumamosi wenzake walimkuta amesimama pale penye pengo. Hakujificha. Akawaeleza yote, neno kwa neno, kwamba amefungua yeye.

"Miezi kumi, mzee," Revocatus akasema, akatupa jembe chini. "Miezi kumi."

Teodora aliuzunguka mteremko peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa mtu aliyelelewa. "Mzee wangu, hatukulaumu," akasema. "Umefanya kazi kubwa. Sasa nenda nyumbani ukapumzike."

Heri angemzaba kofi.

Mzee Mashimba akarudi, akamfukuza paka, akakaa kwenye kiti. Wiki ya kwanza Sabina alifurahi. Wiki ya pili akaogopa. Upepo uliezua bati la banda la kuku, na baba yake akalitazama tu lilipoanguka. Kilichokuwa kinatembea kwake ni miguu peke yake, inatikisika palepale chini ya kiti, kutwa nzima.

Jumamosi ya tatu akavaa koti lake la kuendea vikao, akashika fimbo, akatoka. Sabina akamfuata kwa mbali. Kilimani watu wakamwamkia, shikamoo mzee, shikamoo mzee. Hakuitikia hata moja.

"Mlikaa lini kunihukumu?" akauliza.

Teodora akababaika. "Hakuna hukumu, mzee. Sisi ni watu wa kujitolea tu. Tulishakusamehe."

"Hamkunisamehe. Mmenifukuza kwa heshima." Akagonga fimbo chini. "Kwetu ukivunja ngitili unatozwa. Ukishalipa unakula na wenzako, na hakuna wa kukutajia kosa lile tena. Asiyetozwa ni mgeni. Mgeni ndiye anayeambiwa haya baba, nenda salama. Mimi hapa ni mgeni?"

Aliyejibu ni Revocatus, ambaye hasira yake ilikuwa bado haijapoa.

"Mimi nasema atozwe. Na iwe kubwa."

Mzee akamgeukia, na mtu yeyote angedhani amepewa zawadi. Teodora akavua kofia. Akautazama mteremko, akainama, akakwangua kisiki kimoja kwa kucha. Chini ya gamba kulikuwa bado kubichi.

"Visiki hivi vina kiu, na mvua bado," akasema polepole. "Ndoo kumi kila siku, za maji ya ziwani, mpaka inyeshe. Utabeba mwenyewe. Na mwakani siku ya kufungua tutaipanga sote. Nyasi tutazikata kwa mkono tumpelekee Paskazia. Mbuzi hakanyagi."

"Na siku nikikosa?"

"Siku ukikosa, kesho yake ni ishirini."

Mzee akaridhika. Akavua koti, akalitundika kwenye mwiba, akapokea ndoo kutoka mkononi mwa Revocatus, akateremka ziwani haraka kabla hawajabadili mawazo.

Sabina alimkuta kwenye safari ya nne. Alikuwa anapanda, suruali imelowa, anahema, ndoo inamwagika kidogo kila akikanyaga jiwe. Sabina akakimbia kuishika. "Baba, jamani, pumzika."

"Siwezi, mwanangu," akasema, na hakusimama. "Nimetozwa faini."

Alilisema kwa majivuno, kama mwingine anavyosema amepata kazi. Sabina akaiachia ndoo, akasogea pembeni ya njia, akampisha.