Mapera Yasiyo na Funza

Enzi zetu kule Bariadi, matunda yalikuwa hayajaanza kunywewa kwa mrija. Vitamini tulizifuata porini: furu mpaka ulimi unakuwa mweusi, ukwaju wa kukaza taya, ubuyu wa kumung'unya ukichunga. Bibi, mama yake baba, alijua kazi ya kila tunda. Ukwaju wa choo kigumu, papai la macho, pera la mafua. Tukienda kuchuma alituambia, "Tazameni ndege kala wapi, na nyie kuleni hapohapo." Kwa hiyo mapera yetu yalikuwa na matobo, na funza ndani. Tulimtema funza, tukaendelea. Mtoto wa leo akiona tobo anaita mama yake.

Ikaja ruhusa ya kila mtu kuuza anachotaka. Dawa ya pamba ikauzwa mnadani kwenye chupa za soda, bila karatasi, bila maelezo. Mchuuzi mmoja, Nkwabi, akamwambia baba mdogo Masanja, "Mapera yenye funza mjini atakula nani? Yapige dawa. Mbona pamba inapona?" Masanja akabeba bomba la pamba mgongoni, akapulizia mpera wetu wote. Hakumwambia mtu.

Asubuhi yake nilienda pale na dada yangu Kabula. Mti ule ulizoea kelele. Siku hiyo kimya, hata nzi hakuna. Mapera ya manjano yananing'inia, safi, hayana alama. Yaliyoanguka hayana sisimizi hata mmoja. Chini alikaa ndege mdogo, macho wazi, tunamkaribia wala haruki. Kabula alimgusa kwa kidole, ndege akaanguka ubavu.

"Kashiba huyo," Kabula akacheka. "Ndege kala, si unaona? Twende!"

Nilikula moja, midomo ikafa ganzi, nikatapika. Yeye alikula mpaka akajaza na kanga. Jua la utosi lilimkuta anatoka povu, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Baba alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali. Alirudi anaikokota, Kabula kafunikwa.

Watu wakasema karogwa. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, hiyo ikawatosha kumwita mchawi. Kwenye kikao cha ukoo Masanja alikaa mbele, mikono bado inanuka dawa. Mimi niliisikia ile harufu. Nikafungua mdomo tu, nikaambiwa, "Watoto, nje!" Bibi akafungasha, akaenda kwa kaka zake kule Shishiyu, akafia huko. Kwetu hakuna aliyemwamkia tena kwa Kisukuma, "mwangaluka, mayu".

Juzi Masanja kaja kwangu, mzee sasa. Nikamuuliza, "Baba mdogo, ulipulizia, hukupulizia?"

"Mwanangu, ilikuwa soko huria. Kila mtu alikuwa anajaribu."

"Soko huria halina mgongo wa kubebea bomba."

"Nilipulizia," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Nikamtaka akaseme hivyo mbele ya ukoo. Akasema magoti yanamuuma.

Basi nasema mimi. Ni Nkwabi na Masanja. Bibi hakuroga mtu. Enzi zetu mtoto hakuruhusiwa kusema alichokiona, na tukajisifu kwamba tulilelewa vizuri. Hawa wa siku hizi wanaropoka mbele ya wageni, tunawacheka, tunasema hawana adabu. Waacheni waropoke.