Ulizo Nililoliweka katika Fungu la Usalama

Kila wabunge wanapofunga kikao, mmoja wao hurudi Butembo kutuambia walichokifanya huko mji mkuu, na mimi huitwa kushika maikro. Sijui nani aliamua kwamba mtu aliyesoma sheria na kushindwa kumaliza tasnifu yake ndiye anayefaa kusimama kati ya mbunge na watu wake. Huenda ni kwa sababu suruali zangu hupigwa pasi. Chuoni naitwa CT, kwa Kifaransa chef de travaux, cheo cha katikati ambacho wengine hukipita kama mlango na mimi nimekigeuza nyumba. Mjini nako, hata mama anayeniuzia maharagwe ananiita CT, na ninaitika.

Mara hii mkutano ulipangwa Jumamosi katika ukumbi wa shule moja ya Bulengera. Bango lilisema mbunge angeeleza sheria mpya na nafasi ya vijana katika mambo ya nchi. Siku mbili kabla, dada mmoja alinifuata nyumbani. Nilimfahamu. Mwaka uliotangulia alikuwa katika mafunzo yangu ya uraia, wikendi tatu za chai na mikate katika ukumbi wa parokia, ambapo niliwafundisha vijana wasipige kelele, waandike. Ukitaka kusimama barabarani na wenzako, niliwaambia, tangaza kwa barua. Peleka kopi kwa wote wanaohusika. Usitoke ofisini bila muhuri wa kupokea. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Walicheka, wakaandika hata hilo la karanga katika madaftari yao.

Yeye na mdogo wake walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Familia zilizokimbia vita kutoka upande wa Eringeti na Oicha zilikuwa zinalala katika madarasa ya shule, masomo yalikuwa karibu kuanza, na hakuna aliyesema zitapelekwa wapi. Vijana kama ishirini walitangaza kwa barua kwamba watasimama kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara, na mabango, saa mbili tu, kisha watarudi makwao. Ofisi ya meya waliyoiandikia ilichukua barua lakini ikakataa kugonga muhuri. Ofisi ya mbunge hapa mjini ndiyo peke yake iliyogonga muhuri kopi yao. Kopi hiyo yenye muhuri ilikuwa katika mfuko wa mdogo wake siku alipokamatwa akiwa ameinua bango, na ule mfuko haukuonekana tena. Sasa alikuwa gerezani Beni, akishtakiwa kuandaa mkusanyiko wa siri. Kesi ingesikilizwa Jumanne, na walikuwa wamepata wakili.

“Avoka anasema kitu kimoja tu,” aliniambia, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukikunja kitambaa chake. “Honorable aseme mbele ya batu kama barua alipata. Aseme ndiyo. Radio itakuwa pale, tutachukua ile sauti, tutaifikisha ku tribunal.”

“Ofisini kwake ulienda?”

“Mara ine. Secrétaire anasema ni Honorable mwenyewe tu njo anaweza sema juu ya makaratasi yake. CT, maikro itakuwa kwako. Ulizo yangu isipotelee mule mu kikapu ya maulizo.”

“Haitapotea,” nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeendesha mikutano.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wazee, mapadri na wachungaji. Nyuma walisimama vijana wa lile bunge letu lisilo na viti, wale wanaokutana njia panda kila asubuhi kusoma magazeti ya jana na kuihukumu serikali kabla ya kwenda kutafuta kazi. Mbunge alianza kwa Kinande, akashangiliwa, akaenda Kifaransa, nami nikawa namgeuza Kiswahili. Alisoma sheria moja baada ya nyingine. Moja ilihusu vijana kushauriwa katika maamuzi ya mitaa. Nyingine iliwalinda raia wanaotoa maoni kwa amani. Nilipofika hapo sauti yangu ilipanda yenyewe. Ni sentensi nzuri, hata kwa Kiswahili.

“Honorable,” kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, “bile sheria tutapika na mafuta ao bila mafuta?”

“Weka na pilipili!” mwingine akajibu. Ukumbi ulicheka, na mbunge akacheka pia, maana anajua kucheka. Kisha akanigeukia akasema, kwenye maikro, kwamba Butembo ina bahati ya kuwa na mtaalamu kama CT. Watu wakapiga makofi. Nakiri kwamba niliyasikia makofi yale mpaka kwenye visigino.

Kwetu maulizo hayatolewi kwa mdomo. Watu huandika kwenye vikaratasi, vikaratasi huwekwa katika kikapu cha sadaka kilichoazimwa kanisani, na msimamizi huvipanga kwa mafungu ili mgeni asijibu jambo moja mara kumi. Ni kazi yangu, na naiweza. Barabara, umeme, kazi, usalama. Ninasoma haraka, ninagawa haraka, na kwa kila fungu ninatunga ulizo moja laini lisilo na miiba.

Kikaratasi chake kilikuwa cha saba. Mwandiko safi, mistari miwili, kama nilivyofundisha: *Je, ofisi yako ilipokea barua yetu ya kutangaza mkusanyiko? Tunaomba ujibu ndiyo ao hapana.*

Mtu wa protokoli wa mbunge alikuwa ameinama juu ya bega langu. “Ile hapana, CT,” akanong’ona. “Ile ni kesi. Kesi iko ku tribunal.”

Nilijua si kweli. Dada hakuuliza juu ya kesi, aliuliza juu ya barua. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeona tofauti, na kama asingeiona ningempunguzia alama. Lakini nilikuwa nimeitwa mtaalamu dakika ishirini tu zilizopita, na mtaalamu hapendi kuharibu sherehe. Nikajiambia kwamba kukiweka kikaratasi katika fungu la usalama si kukificha. Kilikuwa bado mezani, chini ya vingine. Nikasoma: “Honorable, fungu la usalama. Watu wanauliza juu ya hali ya wakimbizi na ya vijana.”

“Usalama,” alijibu mbunge, “ni kazi ya kila mmoja wetu.” Aliendelea hivyo kwa muda mrefu.

Ndipo dada yule akasimama. Alikuwa katika mistari ya katikati, kati ya mama wawili wenye vitenge vya kwaya.

“Honorable, samahani. Mi naomba jibu moja tu. Ile barua yetu ilifika kwako ao haikufika?”

Mbunge alinitazama. Protokoli alinitazama. Mwandishi wa radio alisogeza chombo chake.

“Dada,” nikasema, na maikro ikaifanya sauti yangu kubwa kuliko mimi, “maulizo ya mdomo hatupokei. Utaratibu ni karatasi.”

“CT, karatasi iko kwako mu mukono!”

Nilitazama. Ni kweli, nilikuwa nimeviokota vikaratasi vya fungu la usalama nijipepee. Vilikuwa vimegeuka, na chake sasa kilikuwa juu.

“Soma basi!” vijana wa nyuma wakapaza. “CT, soma! Ao macho imeisha?” Kelele zikapanda, kiti kikaanguka mahali fulani. Mchungaji aliyepangwa kufunga mkutano aliona mlango wa kutokea na akatufungulia sote: “Tusimame, tuombe.” Kwetu hakuna anayepiga kelele juu ya sala. Wote walisimama, na dada, aliyekuwa amesimama tayari, akainamisha kichwa. Tulipofumbua macho mbunge alikuwa ameshika mkono wa padri, wanakwenda kwenye soda.

Kesho yake baada ya misa niliandika ripoti ya mkutano, maana anayeshika maikro ndiye anayeandika. Ninayo sampuli ya zamani. Hubadilisha mahali na mada tu. Mwishoni mwa sampuli kuna sentensi ambayo sijawahi kuigusa: maulizo yote yalipokelewa na kujibiwa. Sikuigusa hata siku hiyo. Nikasaini, nikaandika CT chini ya jina langu, nikapeleka kwa protokoli, ambaye hugawa kopi kwa ofisi za serikali.

Jumanne nilikwenda Beni. Nilijiambia ninakwenda kumpa moyo yule dada. Kwenye kituo cha taksi kulikuwa na motoka moja inayotaka mtu mmoja ili ijae, na nilipofungua mlango nilimkuta dada ndani, na chungu cha ubwari, ugali wetu, na maharagwe kimefungwa kwa kitambaa juu ya mapaja yake. Tulisalimiana. Njia nzima alikishika chungu kisimwagike, na mimi nikahesabu vizuizi vya barabarani.

Katika chumba cha mahakama avoka wake alieleza vizuri juu ya barua na juu ya mfuko uliopotea. Mwendesha mashtaka akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Niliitambua pini ya ripoti yangu kabla ya maandishi. Alisoma kwa Kifaransa changu, kizuri, chenye koma mahali pake: watu walipewa uhuru wa kuuliza, maulizo yote yalipokelewa na kujibiwa, na hakuna mahali palipotajwa barua yoyote. Kama ingekuwapo, alisema, si ingeulizwa pale?

Avoka alisema radio ilimnasa dada akiuliza, akajibiwa kwamba ulizo lisilo na jibu si ushahidi, akaomba nisikilizwe. Nikasimama. Nikasema ulizo liliandikwa, kwamba mimi ndiye niliyeliweka chini ya mengine, na kwamba halikujibiwa.

“Na hii saini?” akauliza jaji.

“Ni yangu.”

“Sasa mbona uliandika kwamba yote yamejibiwa?”

“Ni desturi ya kuandika hivyo, Bwana Rais,” nikasema, kama majaji wanavyoitwa kwetu.

Watu walicheka kwenye mabenchi, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka akimwona mwenzake kateleza kwenye tope. Jaji hakucheka. Aliuliza kwa upole ashike yapi, maneno niliyoyasema leo kwa mdomo au yale niliyoyaandika na kusaini siku mbili zilizopita. Nilifundisha jibu la ulizo hilo kwa miaka mingi: linaloshikwa ni lililoandikwa na kusainiwa. Nikakaa. Kijana alipewa mwaka mmoja. Alitolewa kwa mlango wa pembeni, akamtafuta dada yake kwa macho, akampata.

Nilimfuata dada mpaka gerezani kwa sababu sikujua kwenda kwingine. Kwenye lango mlinzi alifungua chungu, akachovya kijiko, akakifunga tena. Kisha akaninyooshea kidole.

“Na huyu papa? Ni wa famiye yenu?”

Dada alinitazama bila hasira yoyote niliyoweza kuiona.

“Hapana,” akasema. “Tulipanda naye tu motoka.”

Mlinzi aliandika jina lake katika daftari, akamwingiza, akavuta lango. Nyuma yangu akina mama wengine walikuwa wamefika na vyungu vyao, na mmoja aliniambia: “Papa, kama hauingie, utupishe.” Nikawapisha.