Kahawa ya Siku ya Saba

Chumba changu katika kambi ya Dzaleka kilikuwa na mlango mmoja na dirisha lisilofunguka. Nilikipata baada ya amri ya wakimbizi wa mjini kurudi kambini. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi mjini, mtaa wa Kawale, miaka kadhaa, na kila asubuhi nilikwenda mtaa wa Area 47, kwenye mkahawa wa mwanamke mmoja Mmalawi, kwanza kuosha vikombe, baadaye kusimama nyuma ya mashine ya espreso. Nyumbani, Bukavu, nilikuwa mwandishi wa habari wa redio. Kazi hiyo haikuvuka mipaka pamoja nami.

Nilirudi kambini na nguo, madaftari, na chombo cha kukamulia kahawa kwa mkono alichoniachia mteja aliyekuwa anahama. Ni silinda ya chuma yenye mikono miwili. Unaijaza maji yaliyochemka, unashika mikono yote, unakandamiza polepole mpaka chini, na kahawa inashuka kama uzi wa cherehani. Hakihitaji umeme. Kinahitaji mtu asiye na haraka, na mimi wakati huo sikuwa na pa kuharakia.

Kila asubuhi niliwasha mbaula nje, nikasubiri makaa yaache moshi, nikachemsha maji ya kisima. Maji ya kwanza yalikuwa ya kupasha chombo moto, maana chuma baridi hunyonya joto na kahawa hutoka chachu. Ya pili ndiyo ya kukamulia. Nilipima gramu kumi na sita kwenye mizani ndogo, nikasaga kwa mkono, nikashindilia unga, nikakandamiza nikitazama saa. Ikienda vizuri ilichukua sekunde ishirini na nane au tisa na kutoa kikombe kidogo chenye povu rangi ya tofali la kuchoma. Kisha niliandika daftarini. Niliandika kama zamani nilivyoandika magari yaliyopita kwenye kizuizi: saa, kiasi, kilichoonekana, bila maoni.

Haya yote niliyafanya mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu upepo wa kule hupoza kila kitu. Nilikosea. Kwetu mtu hali wala hanywi akiwa amejifungia. Anayejifungia ni mchoyo, au ana ugonjwa anaouficha, au anafuga kitu. Na chombo changu kilitoa kikombe kimoja tu kwa mara moja. Ningewaita majirani watano, wa kwanza angekuwa ameshasahau ladha kabla wa tano hajapata zamu. Basi sikumwita mtu. Baada ya mwezi mmoja watu walikuwa wananisalimia wakipita, lakini hakuna aliyesimama.

Aliyesimama alikuwa mama mmoja wa Fizi, mkoa mmoja na Bukavu, mjane, mlango wa pili kutoka kwangu. Alipiga hodi na kuingia kabla sijajibu.

“We papa, kila asubuhi unafunga mlango, kisha kunanuka kahawa. Bantu banasema unalisha kitu humu ndani.”

“Nalisha nini, mama?”

“Mi najua? Njo nimekuja kuangalia.”

Nilimpa kiti, nikamkamulia kikombe. Alikitazama, akakiinamisha aone kama kuna kingine chini yake.

“Hii njo ya kuonja. Ya kunywa iko wapi?”

“Ndiyo hiyo yote, mama.”

“Kwetu hata mgonjwa anapewa kuzidi hapa.” Akanywa. Alifumba jicho moja. “Iko kali sawa mama mkwe,” akasema. “Niongeze.”

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila asubuhi. Watoto wake wawili walikuwa wamepata safari za kwenda kuishi ng'ambo, kila mmoja nchi yake, na yeye faili lake lilikuwa limebaki. Hakulalamika. Alikaa kwenye kile kiti, akaniambia nani amejifungua, nani ameitwa ofisini, padri gani anahubiri mpaka watoto wanasinzia. Nilimsikiliza nikisaga. Alikuwa mtu pekee aliyeingia chumbani mwangu.

Kahawa mbichi nilikuwa naipata kwa mfanyabiashara wa sokoni, ile ya milima ya kaskazini. Yule mama alisema kuichoma ni kazi yake. Alikuwa na kaango zito la udongo na mkono uliojua moto. Hakuna punje iliyoungua wala iliyobaki mbichi katikati. Nyumbani kwao, kahawa ya mgeni ilichomwa mgeni akiwa ameshaketi, ili aisikie ikipasuka. Kumpa iliyochomwa jana ilikuwa sawa na kumpa ugali uliolala.

Hapo ndipo nilipoficha kitu. Kahawa ya kuchemsha kwenye sufuria haina shida ikiwa ya siku hiyo hiyo. Espreso inayo. Kahawa iliyotoka motoni imejaa hewa, na ukiikandamiza kwa nguvu hewa hiyo inasukuma maji yapite mbio. Daftari langu lilisema wazi. Siku ya kwanza: sekunde kumi na mbili, povu kama la sabuni, chachu. Siku ya nne: sekunde ishirini, afadhali. Siku ya saba: sekunde ishirini na tisa, tamu, inabaki mdomoni. Baada ya wiki tatu: imechoka.

Sikumwambia. Kila siku aliyochoma, alileta kahawa ikiwa bado na joto, akakaa, akangoja ninywe. Nilikamua, nikanywa ule uchachu mbele yake, nikasema ni tamu sana. Akiondoka nilimimina punje zilizobaki kwenye kopo, nikabandika karatasi yenye tarehe, nikahesabu siku saba. Niliona ni adabu. Pia niliogopa kwamba nikimkosoa kwenye kaango lake hatarudi.

Hivyo tulikaa miezi mingi, mpaka mwenye mkahawa akanipigia simu. Alisema kwa Chichewa kwamba umeme Area 47 unakatika karibu kila siku, mashine yake inakaa kama sanamu, na wateja wanahamia kwingine. Alikumbuka kile chombo changu. Alitaka kununua viwili vya namna hiyo na kunirudisha kazini, na angeandika barua ya kuniombea kibali cha kukaa mjini. Lakini sasa alikuwa na mshirika, na mshirika hatii saini kabla hajaonja. “Lete kahawa yako mwenyewe,” akasema, “usije ukasingizia yetu.”

Barua ile ingenitoa kambini. Sikuwa na njia nyingine ya kutoka, na nilijua hakuna atakayepiga simu ya pili.

Nilipanga kila kitu kurudi nyuma kutoka siku ya jaribio. Yule mama alichoma kahawa siku saba kabla. Niliifunga kwenye kopo, nikaandika tarehe, nikaiweka juu ya meza. Siku ya mwisho kabla ya safari nilikwenda ofisi ya kambi kupanga foleni ya ruhusa ya siku moja, na ufunguo nikamwachia yeye, kama kawaida, afagie na kuangalia mlango. Nilirudi jioni na karatasi yangu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kopo lilikuwa mezani, limefungwa vizuri.

Asubuhi nilivalisha kisagio soksi, nikafunga chombo kwenye taulo, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kuu na basi dogo mpaka mjini. Maji ya kisima niliyabeba kwenye chupa ya chai, kwa sababu vipimo vyangu vyote nilivifanya kwa maji yale. Njia nzima niliweka begi mapajani kama mtoto anayepelekwa zahanati.

Mkahawani waliniwekea jiko la gesi kaunta. Mwenye mkahawa alinisalimia kwa mikono miwili. Mshirika wake, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alivuta kiti. Nilichemsha maji upya, nikapasha chombo moto, nikafungua kopo. Kifuniko kilitoa pumzi. Harufu ilipanda, kali na mbichi, harufu ya kaango. Nilitia vidole ndani: punje zilikuwa kavu, hazijaanza hata kutoa mng'ao wa mafuta.

Nilielewa palepale. Yule mama alikuwa ameona tarehe ya wiki iliyopita, akanionea huruma, akachoma nyingine.

Sikuwa na nyingine. Nilisaga laini zaidi ili kuzuia maji, nikashindilia kwa nguvu zaidi. Haikusaidia. Kikombe cha kwanza kilikimbia kwa sekunde kumi na moja, cha pili kumi na nne, povu limejaa mapovu makubwa kama ya kufulia. Bwana wa miwani alionja, akaweka kikombe chini bila sauti, akashukuru kwa Chichewa, “Zikomo.” Akainuka kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita.

Mwenye mkahawa alionja pia.

“Huu si mkono wako,” akasema.

“Kahawa ni changa.”

“Basi wiki mbili. Nitamwomba. Mara moja tu.”

Nilirudi Dzaleka alasiri. Yule mama alikuwa ameketi mlangoni kwake na ungo wa maharagwe, akichagua.

“Basi, balikunywa?”

“Walikunywa, mama.”

“Mi nilijua. Nilikuta kahawa yako imezeeka, ya wiki nzima. Nikasema, huyu mtoto atapeleka kitu kimelala kwa bantu bakubwa? Nikachoma ingine. Ile ya zamani nikapeleka kwenye kilio pale chini, bakachemsha na tangawizi.”

Ndani ya basi nilikuwa nimeshaandaa jibu: mkono wangu ulitetemeka. Lilikuwa jibu zuri, lisingemuumiza mtu. Lakini nilikuwa na wiki mbili, na ufunguo wangu ulikuwa kwake, na kwa wema wake wote angenichomea tena alfajiri ya safari. Nikachuchumaa mbele ya ungo.

“Mama, ile ya kwenye kopo ndiyo ilikuwa nzuri. Kahawa ya chombo changu inakaa siku saba kwanza.”

“Inakaa ifanye nini?”

“Inapumzika. Hewa inatoka.”

Aliendelea kuchagua. Alitupa jiwe, akatupa punje iliyooza.

“Kwa hiyo bamekukatalia.”

“Wamesema nijaribu tena.”

“Juu yangu.”

“Hukujua, mama.”

“Ningejua namna gani? Mi nachoma, we unakunywa mbele yangu, unasema tamu. Siku zote zile ulikuwa unanidanganya?”

“Nilikuwa nakuheshimu.”

“Hapana,” akasema, bila hasira. “Kuheshimu mtu ni kumwambia. We ulikuwa unanivumilia.”

Alinyanyuka na ungo wake akaingia ndani. Kesho yake nilikuta ufunguo wangu umening'inizwa kwenye kitasa, na chini yake mfuko wa kahawa mbichi, kilo nzima iliyochaguliwa, haina hata punje moja yenye tundu.

Nilichoma mwenyewe kwa sufuria. Ya kwanza iliungua. Ya pili ilipasuka vizuri, nikaipepea, nikaifunga, nikaandika tarehe. Siku saba zile mlango wangu ulikuwa wazi kila asubuhi, upepo ukapoza maji, nikalazimika kuyarudisha jikoni mara mbili. Hakuna aliyeingia. Nilimsikia yule mama, mlango wa pili, akikohoa, akiongea na redio. Siku ya saba nilikamua kikombe cha kujaribu: sekunde ishirini na tisa. Kilikuwa kikombe bora kuliko vyote vilivyomo katika daftari. Nilikinywa nimesimama, kisha nikakaa na kikombe kitupu, nikitazama kile kiti.

Siku chache baadaye nilipata ruhusa nyingine nikaenda Area 47. Bwana wa miwani alikunywa, akaomba cha pili, akauliza kahawa imechomwa na nani. Nilisema nimechoma mimi, nimefundishwa na mama mmoja wa Fizi. Akatia saini. Kibali kilichukua muda mrefu, lakini kilitoka.

Siku ya kuhama nilikwenda kumuaga. Alikuwa anafua. Alikausha mkono kwenye kitenge, akanipa.

“Kazi njema, papa.”

Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, ila sasa ilikuwa kama anavyomwita mtu yeyote wa njiani.

Sasa nakaa chumba cha nyuma Area 47. Umeme ukikatika, wateja hawanyanyuki. Wanasogeza viti karibu na kaunta kuangalia uzi wa kahawa ukishuka. Wananiuliza maswali mazuri, kuhusu joto, kuhusu kusaga. Hawaniambii nani amejifungua. Kikombe cha kwanza cha asubuhi ni changu, kabla ya kufungua, na daftari limejaa sekunde ishirini na nane, ishirini na tisa.

Jumapili moja nilikwenda Dzaleka. Nilikuwa nimembebea pakiti ya kahawa niliyoichoma, ya siku ya saba. Alinipokea vizuri. Alifuta kiti cha wageni, akanikalisha, akaweka pakiti juu ya kabati bila kuifungua. Kisha akawasha mbaula akachemsha chai.

“Ni chai tu,” akasema. “Kahawa, we unajua yako.”

Alinimiminia kikombe kikubwa, kimejaa mpaka ukingoni. Niliuliza habari za watoto wake. Akasema wako wazima. Nilikunywa chai yote, nikasema ni tamu. Ilikuwa tamu kweli, ila nilipoinua macho nikaona kwamba hakuniamini.