Dawa Yangu Ilifia Buchani

Kabla sijaugua, nilikuwa mtu wa kukimbia asubuhi na mkoba wa kilo ishirini mgongoni, halafu nauliza chai iko wapi. Miaka kumi na tisa jeshini, koplo, masomo yangu darasa la nane tu, na hospitali sijawahi kulala. Naandika kwa ajili ya mwenye sukari aliyeambiwa kazi yake imeisha. Na walionisukuma kaburini nitawataja.

Ilianza na kiu. Nilikunywa maji kama ng'ombe, nikakojoa kama ng'ombe. Nikiwa lindoni naacha geti mara tatu kwa saa moja. Suruali ikaanza kuteleza kiunoni. Daktari wa kambi akanipima.

"Koplo, una kisukari. Utajidunga insulini kila siku. Baada ya miezi mitatu utasimama mbele ya bodi ya madaktari. Sukari ikishuka, unaendelea na kazi. Isiposhuka, unaenda nyumbani."

Nyumbani ni Kayole, ghorofa ya nne, watoto watatu wanasoma. Niende kufanya nini?

Nesi Jacinta aliyenipa chupa aliniambia neno moja tu: "Weka baridi." Hakuongeza. Huyo ni wa kwanza.

Hatukuwa na friji. Mke wangu Roselyne akasema, "Baba Brian, tuiweke kwa mtungi wa udongo, tuufunike na kitambaa chenye maji, vile mama hupoza maji kule Busia."

Nikamcheka. "Dawa ya jeshi niweke kwa chungu?"

Nikampelekea Karanja, mwenye bucha chini ya jengo letu. Huyo ni wa pili. "Afande, nimekupangia pahali baridi kabisa," alisema, akaizika kwa friza katikati ya matumbo. Kila asubuhi alinipa ikiwa jiwe. Naiweka kwapani mpaka iyeyuke, najidunga tumboni, naenda kazini kifua mbele.

Sukari ikazidi kupanda. Macho yakaona ukungu. Nikajua kuna mtu ananimaliza. Na chai napikiwa na nani?

"Unanitilia sukari!" nilimwambia Roselyne mbele ya watoto. "Unangoja pensheni yangu!"

Hakulia. Alifunga nguo zake kwa leso, akachukua watoto na ule mtungi wa mama yake, akaenda kwa dada yake, mtaa wa Huruma.

Wiki iliyofuata nilianguka paredi. Nilitapika, pumzi ikanikatikia. Sajini Mutua akaninusa mdomo, unanuka kama matunda yaliyochacha. "Huyu amelewa," akasema. "Mwacheni juani chang'aa imtoke." Nililala kwenye changarawe nikisikia wakicheka, ulimi umekauka kama ngozi ya kiatu. Huyo ni wa tatu. Daktari asingepita pale, ningezikwa nikiitwa mlevi.

Siku ya tatu nilizinduka hospitali. Daktari alikuwa ameshika chupa iliyotolewa mfukoni mwangu, anaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mnaelea chembechembe nyeupe.

"Koplo, hii iliganda?"

"Kila siku, afande. Inalala kwa friza."

Akakaa kitandani pangu. "Insulini ikiganda imekufa; inataka ubaridi wa mtungi tu. Wiki zote hizi umekuwa ukijidunga maji. Na ile harufu mdomoni ilikuwa ya sukari iliyopanda, si pombe."

Nilihisi kitanda kimezama na mimi. Wala sikuwaza kufa. Niliwaza Roselyne akifunga ile leso.

Daktari aliniombea kwa bodi miezi mingine mitatu. Nilipotoka nilikwenda Huruma. Roselyne akasimama mlangoni. "Umekuja kunipekua sukari?"

Nilitaka kuomba msamaha, mdomo ukasema mengine. "Nimekuja kuchukua mtungi."

Akaenda kuuchukua, akarudi nao mikononi. "Mtungi hauendi peke yake."

Bodi nilipita. Walinitoa lindoni wakaniweka stoo ya sare, lakini kofia ya jeshi ningali naivaa. Mtungi uko nyumbani, na mwingine uko pembeni pa meza yangu kazini. Mutua hajaniomba radhi mpaka leo, ananiita Bwana Chungu. Karanja bado anasema alinisaidia.

Namshukuru Mungu, na yule daktari. Wewe unayejidunga, ukiambiwa "weka baridi," uliza baridi ya kiasi gani. Ikiganda, itupe. Na kabla hujamshuku mtu wako, shika kwanza chupa uiangalie.

Wa nne ni mimi mwenyewe. Kila asubuhi Roselyne anamimina chai yangu, anapiga funda moja mbele yangu, ndipo ananipa kikombe.

"Haina sukari, Koplo," anasema. Hacheki.